Kicheko cha hadhira au jicho la kamera: vichekesho vitano vya Marekani, uanze na kipi?

Ndani ya mwaka mmoja, kuanzia Oktoba 2024 hadi Septemba 2025, Wamarekani walizindua vichekesho vya nusu saa vingi kiasi kwamba mtu akitaka kuchagua cha kuanza nacho anabaki anazungusha rimoti tu. Hapa nimeviweka vitano pamoja: Georgie & Mandy's First Marriage cha CBS, Happy's Place na St. Denis Medical vya NBC, Shifting Gears cha ABC, na The Paper kilichotoka Peacock, huduma ya intaneti ya hao hao wenye NBC.

Sikuvitazama peke yangu. Kwetu runinga ni moja na watazamaji hawafanani. Yupo mama mkwe wangu, ambaye Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Yupo binti yangu wa sekondari, mgumu wa kuchekeshwa. Mume wangu anapenda chochote chenye injini. Halafu yupo wifi yangu aliyeko Ohio, anayetazama huko huko kisha ananitumia ujumbe wa sauti mrefu kuliko kipindi chenyewe. Kwa hiyo hukumu zilizomo humu zimepikwa na wengi, ila chumvi nimetia mimi.

Kwanza, je, unavumilia kicheko?

Kabla hujauliza kipindi kinahusu nini, jiulize hilo. Georgie & Mandy, Happy's Place na Shifting Gears vinarekodiwa jukwaani, mbele ya hadhira iliyokaa kwenye viti, kamera kadhaa zikichukua kwa mpigo mmoja. Mtindo huo ulishika Marekani tangu I Love Lucy ya mwaka 1951. Mwigizaji anatupa mzaha, anasubiri kicheko kitulie, ndipo anaendelea. St. Denis Medical na The Paper havina kicheko kabisa. Vinajifanya ni filamu ya kumbukumbu: wapiga picha wanawafuata wafanyakazi kazini, mtu akiona upuuzi anaiibia kamera jicho, kisha anakalishwa kwenye kiti peke yake ajieleze. Aliyewahi kutazama The Office, iliyorushwa kuanzia 2005 hadi 2013, anaujua mtindo huo nje ndani.

Vijana wengi hawataki kusikia kicheko cha hadhira. Binti yangu alisema, "Kwani mimi sijui pa kuchekea mpaka nionyeshwe?" Bahati mbaya kwake, waandishi wa Georgie & Mandy walimwahi: kipindi kinafunguka familia ikiwa mbele ya runinga, na mzaha wa mwanzo kabisa unahusu kicheko hicho hicho, Georgie akikitetea kwamba kinamsaidia kujua pa kuchekea.

Mimi nilikuwa upande wa binti yangu mpaka nilipoanza kumtafsiria mama mkwe. Kicheko kikilipuka, waigizaji wanatulia, na zile sekunde chache ndizo zangu: nanong'ona, "Anamwambia mkwewe kwamba chakula chake hakina ladha," naye anacheka, wakati huo wale wa studio nao ndio wanamalizia kucheka. Kwa St. Denis haiwezekani. Maneno yanakimbizana, watu wanaongea wakiwa wanatembea, mtu mmoja anamalizia sentensi ya mwenzake chini kwa chini. Ukimtafsiria mtu mstari mmoja, mitatu imeshapita. Kwa hiyo nyumba yenye mtu mzima asiyejua Kiingereza, au anayejua lakini lafudhi ya Texas inampita kushoto, usikidharau kicheko.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba kicheko kinazoea kudekeza waandishi. Mzaha wa kawaida ukichekewa kwa nguvu na watu mia mbili, unaweza kudhani umechekeshwa, na kipindi kikiisha hukumbuki hata mmoja. Shifting Gears kinaumwa ugonjwa huo kuliko wenzake.

Kijana anayekaa ukweni

Georgie Cooper ni kaka mkubwa wa Sheldon, yule mtaalamu wa fizikia wa The Big Bang Theory (2007 hadi 2019). Utoto wao tuliuona katika Young Sheldon, iliyomalizika Mei 2024, na miezi michache baadaye, tarehe 17 Oktoba, Georgie akapewa kipindi chake. Tuko Texas ya miaka ya 1990. Georgie ndio kwanza anaanza utu uzima, ameoa mwanamke aliyempita kwa zaidi ya miaka kumi, wana mtoto mchanga, na wanaishi kwa wazazi wa mke. Baba mkwe, Jim, ndiye bosi wake kwenye duka la matairi. Mama mkwe, Audrey, anaona binti yake angepata mtu wa maana zaidi, wala hafichi.

Kwa Mmarekani, hii ni hadithi ya vijana waliobanwa na maisha. Sebuleni kwetu ilipokelewa kama mkasa. "Huyu kijana hana kwao?" mama mkwe wangu aliuliza. Nikamjibu anako, mama yake mzazi yuko mji huo huo. Alinyamaza, akaitazama runinga kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Tangu siku hiyo anamfuatilia Georgie kwa uchungu wa kweli, na kila Audrey akimsimanga, yeye ndiye anayemjibu kwa niaba yake. Waandishi hawakumfikiria mtazamaji wa namna hii hata kidogo, lakini wamempata.

Kinachokibeba kipindi ni Montana Jordan. Georgie wake si msomi, anachapia maneno, lakini kwenye biashara na kwenye watu anaona mbali kuliko wote waliomo humo ndani, na utani mzuri zaidi unatoka kwenye pengo hilo. Will Sasso, anayeigiza Jim, ana upole unaofanya hata mistari ya kawaida ifurahishe. Emily Osment ni Mandy. Waliokua na Hannah Montana, kile kipindi cha runinga cha vijana, watamtambua mara moja. Udhaifu wake ni kwamba Young Sheldon ilikuwa tulivu, haina kicheko cha hadhira, na ilimalizia kwa kifo cha baba wa familia. Georgie anakuja na msiba huo begani, halafu ghafla kuna watu wanaomcheka. Sehemu za mwanzo mchanganyiko huo unakwaruza. Mashabiki wa zamani walilalamika, na nawaelewa. Wasiofahamu Young Sheldon hata hawatahisi kitu.

Jambo jingine, jina la kipindi limeshatoboa siri. Ni ndoa ya kwanza, maana yake kuna nyingine mbele. Katika The Big Bang Theory tulishamwona Georgie mtu mzima, ametajirika kwa matairi na ndoa zimemshinda. Wapo wanaosema hilo linaharibu utamu. Kwangu linaongeza: kila wakipatana unajiuliza ni lini na kwa lipi.

Tahadhari kwa wanaotazama na wakwe: vijana wawili wanalala chumba kilichopakana na cha wazazi, na waandishi hawakuiacha nafasi hiyo ipite bure. Hakuna kinachoonyeshwa, lakini mizaha ipo. Mume wangu katika sehemu hizo hukumbuka ghafla kwamba geti halijafungwa.

Mtoto wa nje na baa ya urithi

Happy's Place kilianza siku moja baada ya Georgie & Mandy, tarehe 18 Oktoba 2024, na ukitaka kitu cha kutuliza mwili baada ya wiki ngumu, anzia hapa. Reba McEntire, nyota wa muziki wa kantri, ni Bobbie, mwanamke aliyerithi baa ya baba yake huko Knoxville, Tennessee. Baba alikuwa akiitwa Happy. Kumbe Happy alikuwa na binti mwingine, Isabella, msichana wa miaka ya ishirini, na kamwachia nusu ya baa. Dada wawili, mmoja hakujua kama mwenzake yuko duniani, sasa wanagawana kaunta moja.

Sihitaji kumweleza msomaji wa Kiswahili uzito wa mtoto wa nje kujitokeza wakati wa mirathi. Sisi tunajua vikao vyake, wajomba wake na kesi zake. Hapa ndipo kipindi kinaponitia wasiwasi kidogo, kwa sababu kidonda kikubwa namna ile kinafungwa bendeji ndani ya dakika ishirini na kitu, watu wanakumbatiana, bia inamiminwa. Hasira ya Bobbie kwa baba yake ilistahili muda zaidi. Sehemu za baadaye zinairudia mara mojamoja, na ndizo bora, lakini usitarajie kisu kuzama sana.

Raha yake iko kwa watu wa baani. Melissa Peterman, anayeigiza Gabby mhudumu wa kaunta, alishacheza na Reba katika kipindi kilichoitwa Reba tu, cha 2001 hadi 2007, na mwandishi mkuu Kevin Abbott anatoka huko huko. Wanajuana mpaka pumzi. Mmoja akianza sentensi, mwenzake ameshajua atasimama wapi, na hadhira imeshaanza kucheka kabla ya neno la mwisho. Rex Linn, mpishi mkavu asiyepoteza maneno, ni mchumba wa Reba katika maisha halisi, na kuna namna wanavyotazamana isiyofundishwa chuoni. Mama mkwe hakuambiwa habari hiyo na mtu. Aliigundua mwenyewe sehemu ya pili.

Binti yangu anakiita kipindi cha wazee. Hajakosea. Kingeweza kurushwa mwaka 1995 bila kubadilisha hata pazia.

Shifting Gears, kwa kifupi

Kilianza ABC tarehe 8 Januari 2025, na msimu wa kwanza una sehemu kumi tu. Tim Allen ni Matt, mjane mwenye gereji ya kufufua magari ya zamani. Binti yake Riley, yaani Kat Dennings, waliyekosana miaka mingi, anarudi nyumbani na watoto wawili baada ya kuachana na mumewe. Allen ameshacheza baba wa namna hii mara mbili kwa miaka mingi, katika Home Improvement (1991 hadi 1999) na Last Man Standing (2011 hadi 2021), na hapa habadilishi gia hata kidogo. Anang'aka kuhusu vijana, siasa na simu, binti anamjibu, gari linang'arishwa. Watazamaji wake wamegawanyika kama siasa za nchi yao zilivyogawanyika, kwani mizaha mingi inapigwa kwenye mpaka huo huo, na mtu wa huku mingine itampita kwa kutojua nani anachomwa.

Wakati pekee kipindi kinapovuta pumzi ni pale baba na binti wanapomtaja marehemu mama. Allen akiacha kubweka, anaigiza. Mume wangu amekitazama chote kwa sababu ya magari. Mimi nilipunguza mwendo katikati.

Hospitali isiyo na pesa

Nikiambiwa nichague kimoja tu, nachukua St. Denis Medical. Kilianza NBC tarehe 12 Novemba 2024. Waanzilishi wake ni Eric Ledgin na Justin Spitzer; huyu wa pili ndiye aliyetunga Superstore, ile ya wafanyakazi wa duka kubwa iliyodumu kuanzia 2015 hadi 2021, na alama za mkono wake zinaonekana: kazi nyingi, mshahara mdogo, wakubwa wenye maono. Hospitali iko mji wa kubuni uitwao Merrick, jimbo la Oregon. Vifaa havitoshi, wauguzi hawatoshi, wagonjwa wanatosha na kuzidi.

Katika sehemu ya kwanza, Alex, muuguzi msimamizi anayeigizwa na Allison Tolman, zamu yake imeisha. Binti yake ana onyesho shuleni jioni hiyo na amemwahidi atafika. Anachukua vitu vyake, anaelekea mlangoni, mtu anamwita. Anarudi, anamaliza, anaelekea mlangoni, anaitwa tena. Hakuna anayemlazimisha, na hapo ndipo uchungu wa mzaha ulipo: akiulizwa na wapiga picha kwa nini haondoki, uso unajibu kabla mdomo haujapata la kusema. Wifi yangu anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea huko Ohio, kazi wanayoifanya ndugu zetu wengi waliohamia Marekani. Ujumbe wake wa sauti ulianza hivi: "Wifi, mimi hicho sikukiona kichekesho. Hiyo ni ratiba yangu." Kisha akacheka karibu dakika nzima.

Joyce, mkurugenzi, ni Wendi McLendon-Covey. Alikuwa daktari wa upasuaji wa saratani, sasa anaota hospitali yake iwe na jina kubwa huku mambo ya msingi yakilegalega. Ni rahisi mhusika kama huyu kuwa kikaragosi, na katika sehemu za mwanzo kidogo anateleza huko. Baadaye wanamwonyesha akiwa daktari kweli, na ghafla unamheshimu. David Alan Grier ni Ron, daktari mzee wa dharura aliyechoka mpaka kwenye mifupa. Josh Lawson ni Bruce, mpasuaji anayejipenda kiasi cha kuwa burudani. Na kuna Matt, muuguzi mpya aliyelelewa katika dhehebu la watu waliojitenga huko Montana, ambaye mambo ya kawaida ya dunia yanamshangaza. Binti yangu anamtazama huyo tu.

Ila kina masharti. Ni cha kutazama kwa makini. Ukiinuka kwenda jikoni umekosa. Wanaochoka kuona waigizaji wakiitazama kamera watachoka mapema, kwa kuwa mtindo huu umeshatumika sana, na Abbott Elementary ya ABC, iliyoanza Desemba 2021, bado inautumia kwa ufasaha mkubwa katika shule ya msingi ya Philadelphia. Wapo walioniambia St. Denis ni Abbott iliyovaa koti jeupe. Mfanano upo. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba Abbott ina watoto, na watoto wanaleta matumaini, St. Denis ina watu wazima waliochoka, na utani wake una uchachu zaidi.

Gazeti chooni

The Paper kinatoka nyumba moja na The Office. Wapiga picha wale wale wa kubuni, baada ya kampuni ya karatasi ya mji wa Scranton, ile waliyoifuatilia katika The Office, kumezwa na kampuni nyingine, wanahamia Toledo, Ohio, na kulikuta gazeti linalokata roho, Toledo Truth Teller. Mmiliki wake anauza pia karatasi za chooni, na biashara hiyo ndiyo yenye pesa. Mhariri mkuu mpya, Ned, akiigizwa na Domhnall Gleeson, anaamini gazeti linaweza kufufuka. Waandishi hana, hivyo anawachukua watu wa idara nyingine wajitolee kuandika habari.

Sehemu zote kumi zilitoka kwa pamoja tarehe 4 Septemba 2025, na kwa mtu wa kumaliza msimu mwishoni mwa wiki hicho ndicho chake. Oscar Nuñez, mhasibu wa The Office, yumo na hataki kabisa kuonekana tena kwenye kamera za watu. Lakini nyota kwangu ni Sabrina Impacciatore, Mwitaliano anayeigiza Esmeralda, mhariri wa habari za udaku za mtandaoni, mwanamke mwenye fitina tamu isiyokwisha. Wapo wanaomwona amezidisha. Mimi kila akitoka kwenye picha nasubiri arudi.

Kosa la wengi ni kukipima kwa The Office ya miaka ya katikati, ilipokuwa imekomaa. Msimu wa kwanza wa The Office mwaka 2005 ulikuwa na sehemu sita tu na haukumvutia karibu mtu. Parks and Recreation nayo ilianza kwa kusuasua mwaka 2009. Vichekesho vya Marekani vina tabia hiyo. Sehemu ya kwanza mara nyingi inatengenezwa mapema ili kuwauzia wakubwa wa kituo wazo lenyewe, kwa hiyo kila mhusika analazimika kujitambulisha kwa kelele. Waandishi wakishawaona waigizaji kazini ndipo wanaanza kuwashonea nguo ya kuwatosha. Kwa hivi vitano, mimi ningesubiri mpaka sehemu ya nne ndipo nizime. Happy's Place pekee hakihitaji subira hiyo: kilivyoanza ndivyo kilivyo.

Vyote vitano vilipata msimu wa pili, hivyo hutaachwa njia panda. Poppa's House cha CBS, kilichoanza tarehe 21 Oktoba 2024, hakikubahatika; kilikatwa baada ya msimu mmoja, ndiyo maana sikukipanga na wenzake. Damon Wayans ni mtangazaji wa redio, na mwanawe wa kumzaa, Damon Wayans Jr., ndiye mwanawe kipindini. Hadithi ni nyepesi, lakini wale wawili wakianza kutaniana ni dhahiri walianza zamani sana, mezani kwao. Kama una jioni tupu na hujali kisichokuwa na mwisho, kitazame.